Baraza la Bao na Ukarimu Tusioutarajia

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu tumeusikia tangu tulipokuwa chuoni, na tumeutamka mara nyingi majukwaani tulipokuwa tukiwapokea viongozi, bila ya kuupima uzito wake. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu namna tulivyokuja kuupima. Hapakuwa jukwaani wala ofisini, bali penye baraza la bao katika mji wa Wete, kisiwani Pemba.

Ilikuwa mwaka 2016, miezi michache baada ya uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi. Kila mkaazi wa visiwa hivi anakumbuka hali ilivyokuwa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulikuwa umefutwa, chama kikuu cha upinzani kikasusia marudio, na nyoyo za watu zilikuwa zimefura. Wapo jamaa wa damu moja waliokuwa hawasalimiani. Wapo waliosusiana katika harusi na hata katika maziko. Katika hali hiyo ndipo tulipopelekwa Pemba kwa kazi za Chama. Hatukuwa na haja ya kujitambulisha, maana siku hizo mtu wa Chama akishuka bandarini habari zake humtangulia. Tulikwenda tukiwa tumekwisha kukata shauri: tutafanya kazi yetu na tutafunga mlango wetu, nao watatuchukia kwa mbali.

Jirani na nyumba tuliyopanga palikuwa na baraza chini ya mwembe, ambapo wazee walicheza bao kila baada ya sala ya alasiri. Siku mbili tulipita tukatoa salamu, tukajibiwa kama dini inavyoamrisha, bila ya neno la kuzidi. Jioni ya tatu mzee mmoja, mvuvi aliyekwisha kustaafu bahari, alituita pasipo kuinua macho ubaoni: "Mgeni, bao walijua?" Tukamjibu kwamba tulijifunza utotoni, tena lile la kujifunzia tu. "Basi njoo ukae. Lisilojulikana hufunzwa."

Tukakaa. Kwa vijana wasioujua mchezo huu, yafaa tueleze kwa ufupi. Bao letu lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kete hizo ni komwe, zile mbegu za kijivu za mmea wa miiba uotao pwani. Kila mchezaji humiliki safu mbili. Huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi, ambazo huzinamua moja moja. Zikimalizika za mkononi, mchezo huingia katika mtaji. Atakayemalizikiwa na kete katika safu yake ya mbele ndiye aliyefungwa.

Sisi tulifungwa kete zetu zingali mkononi, jambo ambalo kwa wachezaji ni aibu kubwa. Baraza zima lilicheka. Lakini kejeli tuliyoitazamia haikuja. Yule mzee alizirudisha kete zote mahali zilipokuwa kabla ya kosa letu, kwa kumbukumbu ya kichwa tu, akatuonyesha kwa kidole: "Hapa ndipo ulipoiacha nyumba yako nikaila. Haya, cheza tena."

Wahenga hao hao walinena kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe letu lilikuwa dele la kahawa. Kanuni ya baraza lile ilikuwa kwamba anayefungwa mara nyingi ndiye alipaye kahawa, na kwa muda wa mwezi mzima hatukuona mtu mwingine aliyetia mkono mfukoni.

Mwezi wa pili tulishikwa na homa kali, tukalala ndani siku mbili. Wenzetu wa kazi walikuwa Chake Chake, hawakuwa na habari. Waliokuwa na habari ni watu wa baraza, kwani mchezaji asipoonekana jioni mbili huulizwa. Walikuja watatu, wakabisha hodi wakiwa na madafu na uji, kisha wakatafuta gari wakatupeleka hospitali. Mmoja wao alikesha nasi hadi alfajiri. Mtu huyo alikuwa na kijana wake rumande kwa mambo ya uchaguzi ule ule. Sisi tulijua, na yeye alijua kwamba tunajua.

Tulipopata nafuu tulimtafuta ili tumshukuru, nasi tukawa tunatafuta maneno. Alitukata kauli: "Mwanangu, lile lina mahala pake, na tutalisema mahala pake. Wewe ulikuwa mgonjwa."

Hatukuwa na mamlaka ya kumtoa kijana wake, wala yeye hakutuomba. Lakini tangu siku ile hatujaweza kuandika neno "wapinzani" katika taarifa zetu za kazi bila ya kuziona sura za watu walioketi chini ya mwembe.

Tumefikiri sana ni kwa nini wema huu ulipatikana hapo, ilhali haukupatikana katika mikutano yetu yenye ajenda na vipaza sauti. Twaona sababu ni kadhaa. Kwanza, barazani cheo hakina nguvu. Sheha hufungwa na mchukuzi wa mizigo, na watazamaji husimamia kanuni kwa insafu, hata dhidi ya ndugu zao. Pili, katika bao kete iliyoliwa haitolewi nje, bali huendelea kutumika upande wa pili, na zile 64 hubaki ubaoni hadi mwisho. Mtu anayecheza hivyo miaka arubaini huzoea kumfunga mwenzake bila ya kutaka aondoke. Tatu, adhana ya magharibi ikisikika, mchezo husimama. Kete huachwa zilivyo, hapana azigusaye, na waliokuwa wakishindana husimama katika safu moja.

Mambo haya si mageni katika historia yetu. Marehemu Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party, Kisiwandui, alipokuwa akicheza bao na wenzake. Mwalimu Julius Nyerere naye alijulikana kwa mapenzi yake ya bao. Waasisi hao hawakuona kuwa kuketi na watu ni kupoteza wakati.

Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992, tuliyagawa mabaraza yetu kwa rangi za bendera, na lazima tukiri kwamba sisi makada tulishiriki katika kazi hiyo. Wananchi walipoulizwa katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, walio wengi waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Lakini umoja ulioandikwa katika Katiba hauna budi kuwa na pahala pa kuketi.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu mambo matatu. Wapangaji wa miji, mnapojenga nyumba mpya na vituo vya magari, bakisheni kivuli na benchi. Wakuu wa skuli, watafuteni mafundi wa bao wangali hai wawafunze watoto, wa kike kwa wa kiume, kwani kuwaacha wanawake nje ya mchezo huu ni upungufu wetu wa siku nyingi. Na nyinyi maofisa mnaohamishiwa kisiwa cha pili, msifunge mlango kama tulivyokusudia sisi. Wekeni mafaili, nendeni barazani, mkafungwe, mkalipe kahawa.

Yule mzee mvuvi amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila tupitapo Wete hukaa kidogo pale chini ya mwembe. Kijana yule aliyekuwa rumande ndiye anayetufunga siku hizi, naye, kama baba yake, hutungojea tumalize kahawa ndipo aanze kupanga kete upya.