Mti Mmoja, Majina Mengi: Dawa za Miti Shamba Kwetu na kwa Jirani

Mwaka wa 2011 Wakenya wengi walivuka mpaka kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha Babu. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki 2021, alitoza shilingi 500 za Tanzania. Dawa yenyewe ilikuwa mti uitwao mugariga.

Je, wanakikundi, mnaujua mti huo? Ni mukawa wa Wakikuyu na Wakamba, tena ndio olamuriaki wa Wamaasai. Watoto wetu hula matunda yake meusi wakichunga mbuzi! Watu walilipa nauli na kulala barabarani kwa sababu ya mti unaoota nyuma ya boma.

Basi tofauti si mti, ni matumizi. Kwetu mizizi ya mukawa hutiwa katika supu, mtu akanywa mara kwa mara. Kule Samunge ilikuwa kikombe kimoja, mara moja tu, kwa magonjwa makubwa. Wengine waliacha vidonge vya hospitali baada ya kunywa, na hapo ndipo hasara ilipoingia. Baganda nao wana desturi yao: mama mjamzito husugua emmumbwa, yaani udongo uliofinyangwa pamoja na majani ya dawa, akanywa na maji.

Sheria pia hazifanani. Tanzania ilipitisha sheria ya tiba asili mwaka wa 2002, na waganga huandikishwa na Baraza. Uganda ilipata yake 2019. Hapa Kenya Sheria ya Afya ya 2017 inaitaja tiba ya asili, lakini kwa miaka mingi waganga wetu waliandikishwa upande wa utamaduni, si wa afya. Kwa hiyo cheti cha ng'ambo kisiwatie kiwewe; ulizeni kimetolewa na nani.

Sasa jambo la hatari. Mukawa una ndugu yake, olmorijoi kwa Kimaasai, kivai kwa Kikamba. Ndio mti wa sumu ya mishale. Maua meupe, utomvu mweupe, matunda meusi, yote yanafanana. Lakini mukawa una miiba na huo mwingine hauna. Mizizi iliyokatwa tayari sokoni haina miiba ya kuonyesha mtu, ati muuzaji aapie mama yake. Chimbeni wenyewe mti mnaoujua, na mchimbe upande mmoja tu ili usikauke.