Mtoto 'muongo' alipoona mauaji dirishani

Ni usiku wa joto kali jijini New York. Tommy, mtoto wa miaka tisa, ameshindwa kulala ndani. Anachukua mto wake na kwenda kujilaza kwenye ngazi ya dharura nje ya jengo, ghorofa moja juu ya kwao, walau apate upepo. Anapochungulia dirishani kwa jirani, anawaona mume na mke wakimuua mtu.

Hiyo ni filamu ya The Window ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Ted Tetzlaff. Si ya rangi, haifiki hata dakika 80, lakini inatisha kuliko nyingi za siku hizi zilizojaa damu. Na walionitisha zaidi si wauaji, ni wazazi.

Si wazazi wabaya. Baba anafanya kazi usiku, mama anahangaika na nyumba, wote wanampenda mtoto wao. Tatizo ni kwamba Tommy amezoea kutunga stori. Mama anamwambia ameota. Baba anamkaripia. Anakwenda polisi, askari anafika, anaangaza macho, haoni kitu.

Kisha mama anafanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya kwa jina la adabu: anamkokota mtoto hadi mlangoni kwa jirani yuleyule akaombe radhi. Hapo wauaji wanamjua aliyewaona.

Mzazi, tazama tukio hilo mara mbili. Tommy safari hii haongezi chumvi. Anashikilia neno lilelile na anaogopa kuachwa peke yake. Dalili zilikuwepo.

Mtoto aliyeshuhudia ukatili anaweza kuota ndoto za kutisha, kurudia kukojoa kitandani, kulalamika tumbo, kukung'ang'ania au kunyamaza kabisa. Usimhoji kama uko mahakamani. Kaa naye, muulize "kisha ikawaje?", mwache amalize. Usimlazimishe kukabiliana na mtu anayemtaja, hata kama ni ndugu au jirani unayemheshimu. Ikibainika ni stori tu, umepoteza nusu saa.

Bobby Driscoll, aliyeigiza kama Tommy, alipewa Oscar maalumu ya watoto, na ukimwona uso wake mlango unapofungwa utaelewa kwa nini.

Filamu hii haiwafai wadogo. Itazameni baba na mama, watoto wakishalala.