Nani Mwenye Kauli juu ya Korosho?

Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ambako Waislamu ni wengi na korosho ndiyo ada ya shule, ndiyo mahari na ndiyo nauli ya Hija, swali la nani hutunga sera ya kilimo si la wasomi peke yao. Jibu la vitabuni ni jepesi: Wizara huandaa, Bunge hupitisha, Bodi ya Korosho husimamia. Mwaka 2018 ulionyesha kuwa mambo hayaendi hivyo.

Tuanze na fedha. Korosho ghafi iliyopelekwa nje ilitozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kwa kutazama kipi ni kikubwa. Kisheria, asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye zao lenyewe: salfa ya kupambana na ubwiriunga, miche bora, utafiti wa kituo cha Naliendele. Juni 2018 Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ili fedha zote ziingie Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walipinga kwa nguvu. Marekebisho yakapita. Waliochaguliwa na wenye mikorosho walisema. Aliyeshika ufunguo wa hazina aliamua.

Hata hivyo mkulima alibakiwa na silaha moja. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, yeye hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, chama huupeleka ghala kuu, na mwaka 2018 zabuni za wanunuzi zilikuwa zikifunguliwa hadharani. Wenye mzigo wanaweza kukataa. Oktoba 2018 bei zilizosomwa zilikuwa chini mno ya zile za msimu uliotangulia, zilizokaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Wakulima wa Newala na Tandahimba wakasema hapana, na mauzo yakasimama.

Neno hilo moja lilifanya lililowashinda wabunge. Novemba 10 Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa mawaziri wawili, wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara. Bodi ya Korosho nayo ikavunjwa. Novemba 12 akatangaza kuwa Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi litazisomba.

Wengi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini na tutazame lililoupata uwezo wa mkulima. Palipokuwa na wanunuzi kadhaa alibaki mmoja, na huyo hakataliwi. Ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 athibitishe shamba lake, ili wabainike wafanyabiashara wa kangomba. Malipo ya wengine yakachelewa kwa miezi mingi. Mkataba wa Januari 2019 wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 haukutekelezwa.

Suala la mtawala na bei si geni katika Uislamu. Bei zilipopanda Madina, Mtume (s.a.w.) aliombwa azipange akakataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake akiwa anadaiwa dhulma ya mali ya mtu, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Anas (r.a.). Ibn Taymiyya aliruhusu mtawala aingilie pale wafanyabiashara wanapokula njama, na kwa maoni yangu minada ya Oktoba ile ilistahili kuchunguzwa kwa jicho hilo kabla ya kufungwa.

Kangomba nayo, yaani kuuza kwa siri, kwa kipimo kisicho rasmi na bei ya kutupa, ina jamaa yake wa kale: Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Anayeuza hivyo mara nyingi ni mwenye mgonjwa nyumbani mwezi Agosti, wakati mavuno hayajafika. (Msikiti wenye mfuko wa kukopeshana bila riba ungeweza kumstiri, lakini hilo lina makala yake.)

Baina ya Ikulu na shamba kipo kikao ambacho familia hukifikia kwa miguu: mkutano mkuu wa chama cha msingi. Humo huchaguliwa viongozi na huhojiwa makato yanayotolewa kwenye bei ya mnada. Katika nyumba nyingi jina lililo daftarini ni la baba peke yake, ilhali mama na watoto ndio waliookota korosho na kuzianika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 haimzuii mwanamke kuwa mwanachama kwa jina lake, na Qur'ani, katika Surat an-Nisaa aya ya 32, imempa fungu katika alichokichuma. Maombi ya uanachama hupelekwa katika ofisi ileile ya chama ambako korosho zake hupimwa kila msimu.