Safari ya Basi na Mtoto Mwenye Usonji

Mzazi anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi na mtoto mwenye usonji hakosi kuulizwa na abiria wenzake: "Kwani mtoto anaumwa?" Mara nyingi haumwi, amezidiwa. Tangu Kituo cha Magufuli pale Mbezi amepokea honi, wapiga debe, harufu ya dizeli na begi la mtu lililomgonga bega. Ndani ya basi amekutana na muziki wa video. Wengine wetu masikio huchuja. Yake hupokea vyote kwa mpigo.

Hilo si kudeka. DSM-5, mwongozo wa utambuzi uliotoka Marekani mwaka 2013, umeziweka hisi zilizo kali mno au hafifu mno miongoni mwa alama za usonji. Hapo ndipo wazazi huchanganyikiwa, maana mtoto mmoja anaweza kuwa na zote mbili. Mvua ikipiga bati anaziba masikio na kulia, kesho yake anagonga sufuria kwa mwiko asubuhi nzima, anafurahi. Sauti ya sufuria ni yake, anajua itaanza lini na itakoma lini. Ya mvua imemvamia. Kwa watoto ninaowahudumia, kutojua kinachofuata mara nyingi huwachosha kuliko kelele yenyewe.

Ndiyo maana safari ianze siku kadhaa kabla. Piga picha za kituo, basi, choo na nyumba ya bibi, zipange kwenye simu kwa mfuatano, mzipitie kila jioni. Usiache suala la kuchimba dawa: mtoto aliyezoea choo cha kwao anaweza kukataa katakata kichaka cha njiani, akajibana hadi mwisho wa safari. Kabla ya kukata tiketi, uliza spika na televisheni ziko wapi, kisha chukua siti ya dirishani iliyo mbali nazo. Avae nguo aliyoizoea, hata kama imepauka. Nguo mpya yenye lebo inayokwaruza shingo itamsumbua njia nzima. Mnapokaribia Chalinze, vuta pazia kabla wauzaji hawajainua mabeseni yao dirishani, umwambie: "Watagonga kioo, halafu tutaondoka."

Vifaa vya kuzuia sauti masikioni vinafaa kituoni na garini, ila visikae kutwa nzima. Masikio yaliyozoea ukimya hushtuka zaidi. Blanketi zito linalosifiwa sana mitandaoni nisingelikimbilia. Watafiti wa Uingereza walilijaribu kwa watoto wenye usonji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba halikuwaongezea usingizi, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Afadhali abebe begi lake mwenyewe, asukume ukuta mara kadhaa kabla ya kupanda basi. Misuli ikifanya kazi, wengi hutulia.

Wanaosafiri kwa ndege wamepata nafuu kidogo. Mwaka 2016 uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulianza kutoa utepe wa kijani wenye maua ya alizeti, unaovaliwa shingoni ili wahudumu wajue abiria ana ulemavu usioonekana. Sasa unatambulika katika viwanja vya nchi nyingi. Ofa ya kuingia ndegeni mwanzo, hata hivyo, ipime kwanza. Anayeingia mwanzo hukaa muda mrefu zaidi akibanwa na mkanda. Mkiwa wazazi wawili, mmoja atangulie na mizigo, mwingine aingie na mtoto mwishoni.

Na bibi apigiwe simu mapema. Aambiwe mjukuu atafika amechoka, asipakatwe, asizungukwe na mashangazi, na asipoamkia mlangoni asikaripiwe. Apewe maji na chumba chenye utulivu, aachwe hapo saa nzima. Wapo mabibi watakaoona huo ni utovu wa adabu. Wa kuwaeleza ni mzazi, na ni rahisi kueleweka kwenye simu kuliko ukumbini mbele ya wageni.