DAFTARI LA SARAFU MPYA: WALINZI WAKE HUCHAGULIWA NA NANI?



Tulipotembelea kikundi kimoja cha akina mama pale Chwele, tuliulizwa swali tukashindwa kulijibu papo hapo. Kijana wa mmoja wao alikuwa amewashauri watoe akiba ya kikundi benki, waiweke katika sarafu za kidijitali "ambazo bei yake haishuki", na ambazo zinalindwa na watu waliochaguliwa kwa kura. Mweka hazina akauliza: "Walichaguliwa na nani? Mbona sisi hatukupiga kura?"

Sarafu hizo huandikwa katika blokucheni, yaani daftari moja la hesabu lenye nakala katika kompyuta nyingi za watu mbalimbali duniani. Wanaokagua kila ukurasa kabla haujaingia huitwa wahakiki. Daftari mojawapo lililofika hapa Kenya ni Celo, lililoanza Aprili 2020. Shirika la Grassroots Economics, lile la Bangla-Pesa ya Mombasa ya mwaka 2013, limehamishia humo vocha zake za kijamii. Mwaka 2024 ikatolewa humo sarafu ya cKES, iliyofungwa kwa bei ya shilingi yetu.

Miaka ya kwanza wahakiki wa Celo walikuwa hadi 110, na uchaguzi ulifanywa kila siku. Kila siku! Mpiga kura alitakiwa kuzifungia sarafu zake za CELO, na kura yake ilikuwa na uzito wa sarafu alizofungia. Mhakiki naye aliweka dhamana ya CELO 10,000. Akitia sahihi kurasa mbili zinazopingana, anakatwa. Kubadilisha kanuni za daftari kulihitaji kura ya wenye CELO, tena kwa uzito uleule.

Sasa linganisheni na chama chenu cha ushirika cha kahawa. Sheria ya Kenya inasema mwanachama ana kura moja, awe na hisa 20 au 2,000. Kule mwenye nyingi ndiye mwenye sauti. Na mwenye cKES peke yake, asiye na CELO, hakuwa na kura hata moja kuhusu wahakiki. Kwa hiyo mweka hazina aliona vizuri.

Jambo lingine: kura hazishikilii bei. Bei hushikiliwa na akiba iliyowekwa kando, ili anayetaka kubadilisha sarafu yake apate thamani yake. Terra nayo ilikuwa na wahakiki waliochaguliwa, na sarafu yake UST ilisemekana ni dola moja daima. Lakini ilitegemea zaidi sarafu dada, LUNA. Mei 2022 watu walikimbilia mlangoni pamoja, na kwa siku chache UST ikaanguka mbali sana na dola. Wahakiki walisimamisha daftari. Haya, daftari lilisimama, lakini pesa za watu hazikurudi.

Celo yenyewe imebadilika. Machi 2025 ilijiunga na daftari kubwa la Ethereum, na wahakiki wakaacha kazi ya kuandika kurasa. Anayewaeleza leo habari za wale 110 wanaoandika, anawasomea gazeti la zamani.

Upande wa serikali, Oktoba 2025 Rais alitia sahihi sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali. Leseni ziko chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Tuliporudi Chwele hatukuwaambia ni haramu, maana si haramu. Tuliwapa maswali ya kumpelekea kijana: akiba ya sarafu hiyo ni nini na iko wapi? Nani hukagua? Anayewauzia ana leseni? Tukitaka shilingi zetu Ijumaa ya karo, tutazipata kwa M-Pesa siku hiyohiyo, na kwa makato gani?

Kijana alijibu swali la mwisho tu. Akiba ya kikundi bado iko benki, na mweka hazina bado anangoja yale mengine.