Kukadiria Bei ya Umeme Unaopita Ardhini

Katika miji mingi ya Tanzania, kazi ya kutandaza nyaya ndani ya nyumba hupangiwa bei kwa pointi, yaani kwa kuhesabu kila mahali patakapofungwa taa, swichi au soketi, na utaratibu huo umedumu kwa sababu ukuta mmoja haupishani sana na mwingine. Utaratibu huohuo huharibika mara tu kazi inapotoka nje hadi uani, kwa mfano pale mwenye nyumba anapotaka taa mbili za getini, pamoja na umeme wa pampu ya kisima kilicho nyuma ya bustani. Kwa hesabu ya pointi kazi hiyo ni pointi tatu tu, lakini kati ya nyumba na pointi hizo pana mfereji wa kuchimbwa, na mara nyingi mfereji ndio unaobeba sehemu kubwa ya jasho, ya muda na ya hasara.

Kipimo cha kwanza ni ujazo wa udongo. Mfereji wenye urefu wa mita 40, upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60 hutoa mita za ujazo 7.2, na kiasi hicho hakibadiliki hata kama mwisho wake kuna taa moja au kumi. Kinachobadilika ni aina ya ardhi. Katika kazi za barabara zinazotegemea nguvu za watu, hukadiriwa kwamba kibarua mmoja kwa kutwa huchimba takribani mita za ujazo 3.5 katika udongo wa wastani, ilhali penye mwamba hata mita moja ya ujazo haifikishi. Kwa makadirio hayo, mfereji uleule utahitaji kutwa mbili za kibarua mmoja penye udongo wa kawaida, na kutwa tisa au zaidi penye jiwe la matumbawe kama lile linalotapakaa mashariki mwa Unguja, ambako jembe halifui dafu na kazi huachiwa sururu na mtaimbo. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba kutwa moja hulipwa shilingi 20,000, uchimbaji huo utagharimu shilingi 40,000 mahali pamoja na shilingi 180,000 mahali pengine, ingawa waya, taa na fundi ni walewale.

Tatizo ni kwamba ardhi haijitangazi. Juu panaweza kuwa na nyasi nzuri na chini yake, futi moja tu, pakawa na jiwe, kifusi cha msingi wa zamani au mizizi ya mwembe. Udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika hunata na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu, huwapa wachimbaji kazi mbili tofauti kwa miezi tofauti ya mwaka mmoja. Fundi anayetaja bei akiwa kwenye simu, au akiwa amesimama barazani, kwa kweli hajakadiria chochote, bali amecheza kamari. Mashimo mawili au matatu ya majaribio, yanayochimbwa hadi kwenye kina kinachokusudiwa katika njia ya mfereji, huchukua muda mfupi na huondoa sehemu kubwa ya ubashiri huo. Inafaa pia mwenye nyumba aulizwe bomba la maji limepita wapi, karo la choo liko upande gani, na kama kuna waya mwingine uliofukiwa, kwa kuwa bomba likipasuliwa gharama yake haimo katika bei ya mtu yeyote.

Kina nacho ni fedha. Kanuni za umeme za Marekani hutaka waya uliofukiwa moja kwa moja udongoni uwe na inchi 24 za udongo juu yake, yaani takribani sentimita 60, na uliomo ndani ya bomba la plastiki uwe na inchi 18, huku zikiruhusu inchi 12 kwa nyaya fulani ndogo za nyumbani zenye kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamefunzwa kwa mtindo wake, hazitaji kipimo kimoja, bali hudai kina cha kutosha kuukinga waya na madhara yanayoweza kutazamiwa, na katika utendaji watu hushika sentimita 45 hadi 60. Kutoka sentimita 60 hadi 45 robo nzima ya uchimbaji hupungua, na hapo ndipo kishawishi kinapoingia, kwa sababu mfereji ukishafukiwa hakuna anayeuona, mpaka siku mtunza bustani atakapopiga jembe juu ya waya wenye volti 230.

Baada ya kuchimba huja gharama ambazo aghalabu husahaulika. Waya wa ardhini hulazwa juu ya mchanga usio na mawe na kufunikwa kwa mchanga huohuo. Kwa mfereji uliotajwa, tabaka la jumla la sentimita 15 ni mita za ujazo 1.8, ambazo ni karibu tani tatu, na muuzaji wa mchanga huuza kwa tripu wala si kwa ndoo. Juu ya mchanga hutandikwa utepe wa tahadhari, kisha udongo hurudishwa kwa tabaka na kushindiliwa, la sivyo baada ya mvua mbili mfereji hutitia na fundi huitwa kurekebisha bure. Udongo uliochimbuliwa huvimba kwa karibu robo ya ujazo wake, kwa hiyo unaobaki hutafutiwa pa kutupwa. Pale mfereji unapokatiza vitofali vya pevingi, kung'oa na kurudishia mita nne kwa unadhifu kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuchimba mita ishirini za bustani.

Urefu wa njia huathiri pia unene wa waya, kwa kuwa volti hupungua kadiri umeme unavyosafiri. Pampu inayovuta ampea 10 kupitia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 hupoteza takribani volti 7 katika mita 40. Mfereji ukizungushwa kukwepa miti hadi kufika mita 60, upotevu hufika karibu volti 11, ambao unakaribia kabisa kikomo cha asilimia 5 kinachotumiwa katika kanuni za Uingereza kwa vifaa visivyo taa, na hapo fundi mwangalifu huhamia waya wa milimita za mraba 4. Kwa kuwa shimo hulipiwa mara moja, ni busara kulaza bomba la pili tupu lenye kamba ya kuvutia ndani yake, hata kama mwenye nyumba bado hajui atalitumia kwa kamera, kengele ya geti au taa nyingine. Bomba hilo ni rahisi mno likilinganishwa na kuchimba upya.

Kazi fupi ina mtego wake. Mfereji wa mita 6 haugharimu moja ya tano ya mfereji wa mita 30, kwa sababu safari ya kwenda kukagua, usafiri wa vifaa, kuunganisha kwenye mein swichi na kupima insulesheni ni vilevile kwa kazi zote mbili. Fundi asiyekuwa na bei ya chini kabisa kwa kila safari huwafanyia wateja wadogo kazi kwa hasara, kisha hufidia hasara hiyo kwa kupunguza kina. Kosa jingine liko katika faida: anayeongeza asilimia 25 juu ya gharama hudhani robo ya malipo ni faida, kumbe ni moja ya tano tu, kwani gharama ya 100,000 hugeuka bei ya 125,000, na 25,000 ni asilimia 20 ya hiyo.

Hati ya bei iliyo ya haki kwa pande zote mbili hutenga mambo. Kazi ya umeme, inayopaswa kufanywa na fundi mwenye leseni ya EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huandikiwa jumla isiyobadilika, ilhali mfereji huandikiwa bei kwa mita katika udongo wa kawaida, na bei nyingine ya juu kwa kila mita itakayokutwa na jiwe. Kwa njia hiyo, fundi halazimiki kupandisha bei yote kwa kuogopa mwamba ambao huenda haupo, wala mwenye nyumba halipii jiwe ambalo halikuchimbwa. Vibarua nao wakilipwa kwa kipande badala ya kutwa huenda mbio, lakini hapo fimbo ya kupimia kina haina budi kutembea pamoja nao.

Mwenye nyumba anayepewa bei moja ya jumla aombe igawanywe hivyo kabla ya kutoa malipo ya awali, na siku waya unapolazwa ashike futi mwenyewe, apime kina na kupiga picha njia nzima, kisha ndipo aruhusu udongo urudishwe.