Mawimbi Yanapohesabiwa kwa Kompyuta

Wimbi litokalo bahari kuu huanza kuihisi sakafu ya bahari pale kina kinapopungua hata kuwa nusu ya masafa baina ya kilele chake na kilele kinachofuata. Hapo mwendo wake hupungua, kimo chake huzidi, na aghalabu huvunjika kimo hicho kifikiapo takriban asilimia 80 ya kina cha maji. Kanuni hizi, pamoja na vipimo vya upepo na vya sakafu yenyewe, ndizo zitumiwazo na programu kama SWAN, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, kukadiria mawimbi mraba kwa mraba hadi ufuoni.

Huko Narrowneck, katika mji wa Gold Coast, Australia, hesabu za namna hiyo zilisaidia kuchora mwamba wa kutengenezwa, uliojengwa kuanzia mwaka 1999 kwa mifuko mikubwa ya mchanga zaidi ya 400, ili ufuo usiliwe na dhoruba na watelezao kwa ubao wapate wimbi jema. Ufuo ulinufaika, wimbi la mchezo halikufikia matarajio. Kwa rai yangu jambo hilo haliibatilishi elimu hii, maana mwamba uliokosewa katika kompyuta husogezwa kwa siku moja, ilhali uliokwisha kuzamishwa waweza kuupeleka mmomonyoko kwa majirani.